Mpelelezi Asiyegusa Kitu

Benchi la nje ya kibanda cha Jaji, fundi viatu, lina mguu mmoja mfupi, na anayekaa mwisho ndiye anayemwagikiwa kahawa. Leo Seva alikaa hapohapo mwisho wala asijali. Alikuwa katoka kwenye kliniki ya kina mama, anakotunza kompyuta, na moyo ulikuwa mweupe. Kila Jumatatu mfumo wa miadi ulikuwa ukianguka, na bosi alishamwambia: ukianguka tena, fungasha virago.

— Mfumo vipi leo? Jaji akauliza.

— Umeanguka. Ila safari hii nina mpelelezi.

— Polisi? Shangazi wa kahawa nusura aangushe birika.

— Programu, Shangazi. Mfumo wetu unakaa mawinguni, yaani kwenye kompyuta za watu, tumepanga tu. Nimemuunganisha huko. Mfumo ukianguka, anapekua kumbukumbu zote, anamtaja aliyeuangusha.

— Umempa mgeni funguo za nyumba! Kipara kinyozi akafoka. Kesho anauza makochi. Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Usiisukume, itaingia yenyewe.

Seva akacheka.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nimemruhusu kutazama tu, hagusi kitu.

— Mtazamaji ndiye mbaya, akasema Jaji. Leo anatazama mfumo, kesho sufuria, keshokutwa anamweleza mkeo umekula wapi.

— Na hayo mawingu yakinyesha? Kipara akadakia. Siri zote mtaroni!

— Hebu nyamazeni. Kamtaja nani? Shangazi akauliza.

— Bosi! Ana ripoti yake kubwa, kaipanga mwenyewe ijitengeneze kila Jumatatu asubuhi, saa ileile kina mama wanapoomba miadi. Inaukaba mfumo koo. Kaona, kacheka mpaka machozi, kaihamishia jioni. Kanipa mkono. Jamani, nimepona!

Wakampongeza kwa vigelegele, na Shangazi akamjazia kikombe. Dada mmoja wa pikipiki, aliyesimama kunywa kahawa ya harakaharaka, alikuwa akisikiliza.

— Samahani, kaka. Kabla yako kazi hiyo alikuwa nayo nani?

— Fundi mmoja. Alifukuzwa.

— Kwa kosa gani?

— Mfumo ulikuwa ukianguka kila Jumatatu.

 Jaji akainamia kiatu. Seva akatoa simu na kutafuta namba ya fundi yule, ambayo hakuwahi kuipiga.

— Kaka, akasema ilipopokewa, kaa chini kwanza. Hukuwa wewe.