Waya Mwekundu wa Bwana Lazhar

Mheshimiwa Meya, waheshimiwa madiwani wa Ain Draham, mafundi wenzangu, ndugu wageni waalikwa. Na wewe Bwana Lazhar, unayestaafu leo baada ya miaka thelathini ya kukagua mapaa yetu: nawasalimu nyote.

Mimi ni Khemais, fundi wa majiko ya kuni. Nani hapa hajawahi kumsema mtu huyu? Bi Zohra alipotaka tangi la kupasha maji kwa jua juu ya vigae vya marehemu babake, mkaguzi aligoma kutia sahihi. "Likijaa ni uzito wa ng'ombe mzima, Bi Zohra. Paa lako limechoka kuliko mimi." Akajibiwa, "Basi shuka wewe kwanza, lipumzike." Tangi likawekwa uani, na paa lipo mpaka leo.

Kanuni ya jiko nayo mnaijua: bomba la moshi lipite juu ya kilele cha paa. Lakini sisi huona uchungu kutoboa vigae, tukihofia theluji ikiyeyuka itavuja. Tunang'oa kioo cha dirisha, tunatia bati, bomba linatokea hapo. Ndivyo nilivyomwekea jiko dada yangu Mabrouka, mjane. Bwana Lazhar akalifunga jiko lile kwa waya mwekundu wa manispaa, lisiwashwe tena. "Fundi," akasema, "theluji ikifika dirishani, moshi utarudi ndani."

Theluji ya mwaka ule mnaikumbuka. Watoto wanne wa Mabrouka walikuwa kwangu. Asubuhi tulimkuta amelala, hapumui, jiko lingali na joto. Mji mzima ukauliza, mkaguzi alikagua nini? Alitukanwa sokoni. Akaja msibani, akala kuskusi nasi.

Ndugu zangu, waya ule niliukata mimi, kwa koleo hili. Dada alilia baridi, nami niliona aibu kazi yangu kufungwa. Bwana Lazhar aliiona alama ya koleo. Nilipomuuliza mbona hasemi, alinijibu, "Nikisema, nani atakupa kazi? Na hao wanne watakula nini?" Kisha akanipandisha paani, tukatoboa vigae pamoja. Tangu siku ile sijapitisha bomba dirishani.

Bwana Lazhar, miaka kumi na mmoja umebeba lawama yangu. Watoto wale wamekua, wameketi safu ya mbele. Jana niliwaambia. Mkubwa wao bado hajanisemesha, na ana haki.

Leo nautua mzigo huo kutoka begani mwako, mbele ya watu. Asante sana, mzee wangu. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza. Sasa semeni, ni zamu yangu kusikiliza.