Mwalimu Ernesta Komba na Kipande Kilichong'ang'ania Sumaku

Mwalimu Ernesta Komba anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha kemia mkoani Kigoma. Alianzia Kasulu, kisha akahamia hapa kwetu Shule ya Sekondari Kagina, Kibondo, na hajaondoka tena. Wasifu huu nimepewa kuuandika mimi Recho, karani wa shule na mwanafunzi wake wa zamani. Nimefunga ndoa mwezi uliopita, na siku hizi kila kitu nakiona kinang'aa. Lakini haya ninayoyaeleza yalikuwa yanang'aa tangu zamani.

Mzaliwa huyu wa Mbinga alifika Kasulu akiwa binti mwenye sanduku moja, akidhani atakaa miaka miwili. Wiki ya kwanza alijifunza kuamkia kwa Kiha. Aliingia darasani na "Mwakeye!" yake, darasa likaitika kwa kishindo hadi mkuu wa shule akatoka ofisini kuangalia kumetokea nini.

Somo lake alilolipenda kuliko yote lilikuwa kutofautisha elementi, kampaundi na mchanganyiko. Alianza na makande ya shule: mahindi ni mahindi, maharage ni maharage, unaweza kuyachambua, basi huo ni mchanganyiko. Darasa letu likajifanya limeelewa. Kwenye mtihani tukaandika kwamba maji ya chumvi ni kampaundi, kwa sababu chumvi haichambuliki kwa vidole! Hakutukasirikia. Alibeba sufuria hadi jikoni kwa mpishi, akachemsha maji yale mpaka yakakauka, akatuonyesha chumvi yetu imekaa chini, nyeupe, haijapotea popote.

Siku yake kubwa ilikuwa mwaka 2015. Matokeo ya kemia yalikuwa mabaya, na wageni wa idara ya elimu walikuja na pendekezo la kufunga mkondo wa sayansi Kagina. Wanafunzi wangehamishiwa Kasulu, yaani wale tu ambao wazazi wao wangemudu bweni. Wengi wetu tungeiaga sayansi siku hiyohiyo. Mwalimu Ernesta aliomba jambo moja tu: kabla hawajaamua, waje maabara wawaone Kidato cha Tatu wakifanya kazi.

Mezani palikuwa na salfa ya njano na chenga za chuma kutoka karakana ya fundi Pasikali, mchomeleaji wa madirisha. Aliyesimama mbele alikuwa Japhet, mtoto wa mama muuza maharage sokoni. Alichanganya vile viwili, akapitisha sumaku, chuma chote kikapanda na kuiacha salfa peke yake. Wageni wakapiga makofi. Kisha akaandaa mchanganyiko mwingine na kuupasha moto juu ya taa ya spiriti mpaka ukawaka wekundu na kuganda kuwa kipande cheusi.

"Sasa ni kampaundi," Japhet akatangaza. "Chuma kimeacha tabia yake. Sumaku haikipati."

Akasogeza sumaku. Kipande kikaruka na kuing'ang'ania.

Kiongozi wa wageni, Bwana Haidari, akainamisha miwani. "Kijana, mbona kampaundi yako inamkimbilia mchumba wa zamani?"

Mwalimu mwingine angeingilia kati kuokoa jahazi. Mwalimu Ernesta alikunja mikono. "Japhet, ulipimaje?"

"Kwa kijiko, Madamu. Salfa kimoja, chuma kimoja."

"Kimoja tu?"

"Na... nyongeza kidogo."

Darasa zima likaangua kicheko. Sokoni Kibondo hakuna anayemimina kopo la maharage bila kuongeza kiganja juu yake, na chuma cha Pasikali kilikuwa tele!

"Na hapa unamuuzia nani maharage?" Madamu akamuuliza.

Japhet akatafakari. Akakitwanga kipande kwenye kinu kidogo na kupitisha sumaku juu ya unga. Chenga za kijivu zikapanda, unga mweusi ukabaki umetulia.

"Mheshimiwa, nimekosea," akasema. "Huu bado ni mchanganyiko. Kampaundi imo, lakini chuma kilichokosa salfa kimebaki kapera. Mchanganyiko unapokea kiasi chochote. Kampaundi ina kipimo chake, haitaki nyongeza."

Akachukua mizani, akapima kwa uzito, chuma sehemu saba na salfa sehemu nne, akapasha moto upya. Safari hii Bwana Haidari aliishika sumaku mwenyewe. Aliipitisha huku na huku, kipande hakikutikisika. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, moyo wangu ndio uliotikisika.

"Mwanafunzi anayeweza kunieleza kwa nini amekosea, simfungii maabara," Bwana Haidari akasema, akampa mkono Mwalimu Ernesta. Tulipiga kelele mpaka mpishi akaja mbio na mwiko.

Mwaka uliofuata, Kidato cha Nne chote kilifaulu kemia. Leo Kagina ina mikondo miwili ya sayansi. Wamo waliotoka hapa ambao sasa ni wauguzi Nduta na wafamasia Buhigwe, na Japhet anafundisha kemia papa hapa. Ndiye mume wangu! Harusini Mwalimu Ernesta alikuwa msimamizi wangu, na hata siku ile hakuweza kunyamaza. Aliishika pete yangu akawatangazia wageni: "Hii ni dhahabu na shaba, mchanganyiko tu. Kampaundi ni hawa wawili."

Madamu, asante kwa kukunja mikono yako siku ile na kutuachia tufikiri wenyewe. Maabara waliyotaka kuifunga iko wazi asubuhi hii, taa za spiriti zinawaka na watoto wanabishana juu ya sumaku. Nenda nyumbani na ushindi wako. Mungu akupe afya, usingizi mtamu na furaha isiyo na kipimo.