Dizeli Niliyoiokoa Mteremkoni

Sogeeni, wanangu, msikae huko ukutani kama wageni waliokuja kunipa pole. Mwalimu, binti yangu, kaa kwenye hicho kiti uandike, na nikitamka neno vibaya usilitengeneze, liache lilivyo. Kipande, mwana wa ndugu yangu, wewe kaa hapa miguuni nikuone uso. Na wewe, kifungua mimba wangu, najua pikapu iko nje imeshapakiwa vioo vya yule mjenzi wa juu mlimani, na najua unatazama saa. Mjenzi atangoja. Keti. Mimi sina siku nyingine ya kuyasema haya; daktari alinificha, lakini mwili haukunificha.

Nianze na mali ili iwatoke akilini, maana mtu anayesubiri kugawiwa hasikii kingine. Nyumba hii ni ya Mwalimu, aliyemuuguza mama yenu mpaka siku ya mwisho bila kulalamika. Kiwanja kilicho nyuma ya karakana ni chako, kifungua mimba. Jenga, lima, uza, hakuna wa kukuuliza. Karakana yenyewe, ile meza ndefu yenye blanketi, rula ya chuma na almasi yangu ya kukatia, ni vya Kipande, kwa sababu mkono wake hautetemeki juu ya kioo na wako unatetemeka, na hilo si tusi. Imebaki pikapu. Hiyo nitaifikia, na mkisikia njia ninayopita kuifikia mtaelewa kwa nini nimeichelewesha.

Barabarani niliitwa Tone. Nyinyi mmelikuta jina hilo mkadhani ni kwa sababu nilikuwa mwembamba. La. Waliniita Tone kwa sababu tangi moja lilinipeleka mahali ambapo wenzangu walihitaji tangi moja na nusu, kwa magari yaleyale ya dizeli, yaliyozeeka vilevile. Na sehemu kubwa ya ujuzi ule ilikuwa ya halali, nami nawaachia kama ninavyowaachia nyumba. Asubuhi, injini ikiwa baridi, usiikanyage kama unamfukuza mwizi, na wala usiiache ikinguruma uani nusu saa ukinywa chai. Ondoka pole pole, itapata joto njiani. Pima upepo wa matairi kabla hujapakia, maana tairi legevu linakunywea dizeli kimya kimya. Kung'uta chujio la hewa, na likichakaa, tupa. Ukiona moshi mweusi nyuma yako ujue hiyo ni dizeli uliyoinunua na kuitupa hewani, kwa hiyo peleka nozeli zinazonyunyizia mafuta zikasafishwe, usingoje watu wakucheke. Panda gia mapema, kwa kusikiliza injini, usiifanye ipige kelele wala usiifanye itetemeke. Zaidi ya yote, tazama mbali. Mtu anayebeba vioo hujifunza haraka kwamba kila breki ya ghafla ni kioo kilichopasuka na ni dizeli iliyoungua bure. Andika hayo, Mwalimu. Ni ya kweli, na hayajamuua mtu.

Sasa andika na haya mengine.

Nilikuwa na ujuzi mmoja niliouficha kwa kila mtu isipokuwa ndugu yangu, baba yako, Kipande. Mnaujua mteremko mrefu unaotoka mlimani hadi darajani. Tulikuwa tukipeleka vioo juu na kurudi watupu, na nilipofika kileleni nilitoa gia, nikavuta kile kifundo cha kuzimia injini kilicho chini ya usukani, nayo ikanyamaza. Tulishuka kimya. Tulisikia upepo tu, na fremu ya mbao nyuma ikigonga gonga. Kule chini karibu na daraja niliingiza gia ya tatu, nikaachia klachi, injini ikashtuka ikawaka yenyewe, tukaendelea na safari kama hakikutokea kitu. Nilijiona bingwa. Nilikuwa nikimwambia ndugu yangu, "Unaona? Mlima mzima, hata tone." Naye anacheka, anajibu, "Kaka, siku moja utazima na moyo upumzike."

Kulikuwa na fundi mmoja aliyejua. Mnamjua kwa jina la Koleo, na najua jina hilo halijawahi kutajwa kwa wema ndani ya nyumba hii. Ndiye aliyekuwa akitutengenezea pikapu tangu tuinunue. Siku moja alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, akaniuliza, "Tone, mbona klachi yako inaumizwa hivi? Unaiwasha kwa kuitupia gia mteremkoni?" Nikacheka. Akatoka chini, akajifuta mikono, akaniambia mbele ya ndugu yangu: "Sikiliza. Breki zako zinasaidiwa na upepo unaovutwa na pampu, na pampu inazungushwa na injini. Injini ikizima, akiba iliyobaki ni ya kukanyaga mara mbili, labda tatu. Ya nne utakuwa unakanyaga jiwe. Halafu unajisumbua bure. Ukishuka ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, hii pampu ya dizeli haitoi kitu. Inajifunga. Unashuka bure vilevile, na injini inakushika."

Mmesikia? Unashuka bure vilevile. Nilichokuwa nikikiokoa mteremkoni hakikuwepo. Lakini nilishaitwa Tone, na mtu akishapewa jina kwa jambo, hataki kuambiwa kwamba jambo lenyewe ni upuuzi. Nilimwambia Koleo ashike spana zake aniachie usukani wangu.

Wiki ileile nilimrudishia gari abadilishe viatu vya breki. Akabadilisha, akajaribu mwenyewe, akanipa ufunguo. Kesho yake tulipeleka vioo vya zahanati, tukashusha salama, tukageuka. Lilikuwa jua la saa nane, barabara kavu, hakuna hata wingu la kusingizia. Kileleni nikavuta kifundo. Kona ya kwanza nikakanyaga breki, ikashika. Kwenye nyumba za wafanyakazi wa barabara akakatiza mbuzi, nikakanyaga, ikashika. Tukapita mbuzi mwingine, nikakanyaga tena, na hapo nikaisikia pedali imebadilika chini ya kiatu, imepanda juu, imekuwa nzito. Nikajua. Ndani ya kona ya mwamba kulikuwa na lori limeharibika, limesimama upande wetu. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili, na pedali haikuzama hata upana wa kidole. Nikatupa gia, ikasaga meno, ikakataa. Ndugu yangu akapiga kelele neno moja tu: "Washa! Kaka, washa!" Kisha akaegemea dirisha, kama mtu anayetaka kulisukuma lile lori kwa bega.

Niliukata usukani kulia. Ndivyo mwili ulivyofanya, sikuufikiria. Mimi nikapita, upande wake haukupita.

Tulia, Kipande. Bado sijafika kwenye baya. Nipeni maji kidogo.

Baya ni hili. Kabla watu hawajatufikia, na ndugu yangu akiwa bado anapumua ubavuni mwangu, nilinyoosha mkono nikakirudisha kifundo ndani. Damu yake ilikuwa kwenye mkono uleule. Alipofika askari wa barabarani akaniuliza, "Breki zilikuwaje?" nikamjibu, "Zimetengenezwa jana na fundi Koleo." Basi. Sikusema uongo hata neno moja, na bado sijawahi kusikia uongo mkubwa kuliko ule. Watu wakamalizia wenyewe. Askari akaandika alichoandika. Kabla jua halijazama ndugu yangu alikuwa amekwenda, na kabla wiki haijaisha gereji ya Koleo ilikuwa haina gari hata moja.

Siku ya tatu ya msiba alikuja. Alikuwa amekwenda kulikagua gari kule lilikovutwa, akaziona breki ni nzima. Akainama sikioni mwangu, akiogopa kuniaibisha, akasema, "Kaka, breki zako hazina kosa. Ulizima?" Nami nikasimama mbele ya waombolezaji wote nikapaza sauti: "Mtoeni huyu muuaji!" Wakamtoa kwa kumburuta. Wewe, Kipande, ulikuwa na miaka sita, umeshika shuka la bibi yako, ukasikia neno lile, na toka siku ile umelibeba. Nilikuona sokoni ulipomtemea mate miguuni. Nilisimama pale na kapu langu. Ningeweza kufungua mdomo. Nilikwenda kununua nyanya.

Tangu wakati huo anatengeneza baiskeli kwenye kibanda nyuma ya kinu. Mikono iliyokuwa ikifungua injini na kuirudisha bila kubakiza hata nati moja, inaziba pancha.

Na mimi sikuendesha tena, mkadhani ni huzuni. Pikapu ikanyooshwa, ikawekwa mlango mwingine wa upande wa abiria, ule wenye rangi isiyofanana, ikawa inaendeshwa na madereva wa kukodi, mpaka wewe, kifungua mimba, ulipokua ukaichukua. Na kwa kuwa nilikuwa nimefunga mdomo kuhusu kosa langu, nilifunga mdomo pia kuhusu mteremko. Sikukukataza kitu. Ningekukatazaje bila kuulizwa nimejuaje?

Sasa nisikilize wewe. Kitanda hiki mlikiweka karibu na dirisha ili nipate hewa. Dirisha linatazama mlima. Kila siku unaporudi nalisikia gari lako likifika kileleni, maana dizeli ile naijua kama kikohozi changu. Linanguruma, linanguruma, halafu linanyamaza. Nahesabu pumzi zangu. Nimefika hata pumzi tisini. Halafu darajani linashtuka, linawaka. Wiki tatu sasa. Nani amekufundisha? Najua: wazee wa stendi, wanaokwambia baba yako alikuwa bingwa, alikuwa akishuka mlima mzima hata tone. Wamekupa sifa yangu wakidhani ni urithi, nami nimelala hapa nikisikiliza kifo cha ndugu yangu kikirudi nyumbani kila jioni, na bado nilishindwa kusema. Jana ulipopita kimya nilihesabu mpaka nikapoteza hesabu. Ndipo nikamwambia Mwalimu awaite.

Nimeita na mtu mwingine. Ameketi nje kwenye benchi, na kila mmoja wenu alipompita akiingia hakumsalimia. Ni Koleo. Nilimtaka ayasikie haya akiwa karibu. Mwalimu, ukimaliza kuandika nitatia kidole gumba, kisha mtayasoma haya gereji kwa gereji, na stendi, na sokoni palepale, mchana watu wakiwa wengi. Msiseme marehemu alikosea. Semeni alimsingizia.

Kifungua mimba, mbona umeinama? Nilitegemea ungenibishia.

Sema kwa sauti, mwanangu, masikio yanaanza kwenda.

Jana? Pedali ilikuwa ngumu jana?

Wapi? Kwenye kona ya mwamba. Ee Mungu. Ukafanyaje? Kifusi cha mchanga wa watengeneza barabara. Ukalitupia mchangani. Na ulikuwa peke yako, niambie ulikuwa peke yako.

Mtoto alikuwa ndani. Mjukuu wangu alikuwa ameketi upande ule.

Usilie. Au lia, mwanangu, lia tu. Jana nilipopoteza hesabu ulikuwa mchangani na mtoto, na mimi hapa kitandani nikitafuta neno la kuanzia. Siku moja tu ningechelewa... hapana, nimeshachelewa, ni mchanga tu uliowahi kuwaokoa.

Leteni ufunguo. Hapana, usinipe mimi, mkono huu haushiki. Pikapu ni ya Kipande. Ililipiwa kwa damu ya baba yake, basi iwe yake. Atakapotaka kuiuza kwa chuma chakavu aiuze, na akitaka kuiendesha, isitoke uani kabla Koleo hajaikagua, naye akishuka mlima ashuke ndani ya gia, na injini ikinguruma, watu wote wasikie. Kifungua mimba, vioo vya mjenzi vishushwe. Leo hakuna anayepanda mlima. Sema ndiyo. Nimekusikia. Asante.

Kipande, usinisamehe kwa sababu ninakufa, hiyo si sababu. Nilikulea, na kila tonge nililokupa nilikupa nikiwa nimekaa juu ya jambo hili. Mchukie yeyote umtakaye, lakini asiwe yule wa nje. Nenda umkaribishe ndani... Umeinuka? Sioni vizuri. Ni wewe uliyeinuka?

Mwalimu, andika dua, pumzi ni fupi. Mungu awape nyumba isiyo na siri. Awape... awape ulimi mwepesi siku mtakapokosea, msingoje kama mimi. Awalindie mtoto. Kilichobaki kwangu cha kheri, kama kipo, mgawane sawa.

Mnizike pembeni ya ndugu yangu, kama Kipande atakubali. Akikataa, mnizike kwingine, msimlazimishe.

Mkono huu ni wa nani? Si wa kwenu, una grisi kwenye kucha. Koleo? Sikusikia ukiingia. Kipande ndiye aliyekufungulia? Eti amekushika mkono mpaka hapa...

Kaa, ndugu yangu. Kaa kwanza. Usiuachie.