Risala ya Mafundi wa Dufashanye Kuhusu Usukani Uliokaza wa Gari la Kliniki

Mgeni rasmi, Mama Careen, Mkurugenzi wa Shirika la Afya Nyanda, viongozi wa mtaa, madereva, na ninyi wateja mliokaa kwenye viti tulivyong'oa magarini mwenu:

Kabla ya salamu yoyote, tunakiri kwamba siku ile mjinga alikuwa katibu wetu, Ndugu Nduwayezu. Ndiye huyu anayekusomea. Tulipiga kura aisome mwenyewe, na nyuma yake tumemsimamisha mtu mwenye nakala, asije akaruka mstari.

KARIBU

Karibu Kibondo, Mama, karibu gereji kwetu. Tumefagia, na penye oili tumemwaga maranda. Ukiona doa kwenye kiatu chako, hilo ni letu, utusamehe.

TULIKOTOKA

Tuko mafundi kumi na wanne. Wengine ni Waha wa hapa hapa, wengine wazazi wetu walivuka kutoka Burundi na leo sisi ni raia. Gari bovu halijawahi kutuuliza nani ni nani. Hakuna aliyekaa darasani kusomea ufundi. Nduwayezu alijifunza kwa kufungua malori mabovu na kujigonga vidole. Dada Verediana, mwanamke pekee kati yetu, alianza kwa kujaza upepo, huku akitazama kila tunapokosea. Kwa hiyo alisoma mengi sana.

MAFANIKIO

Tutasimulia moja tu, maana ndilo lililokuleta.

Mwezi uliopita dereva wako Moses alituletea gari la kliniki ya akina mama. Usukani ulikuwa umekaza hivi kwamba ili akate kona ilimbidi ainuke kwenye kiti. Bwana Makarius, afisa usafiri wako, akapiga simu: Alhamisi gari linatakiwa kliniki ya Manyovu; lisipopona litavutwa mpaka Mwanza, na magari yote kumi na moja ya shirika hayatakanyaga tena hapa. Ugali wa watu kumi na wanne ukawa umening'inia kwenye usukani mmoja.

Nduwayezu aliugusa mara moja, akafumba macho kama daktari bingwa. "Pampu imekufa," akasema. Pampu ndiyo inayosukuma mafuta ili usukani uwe mwepesi. Ikaletwa nyingine kutoka Kasulu, ikafungwa, mafuta yakawekwa mapya, mkanda ukakazwa. Moses akawasha, akashika usukani. Akainuka kwenye kiti kama kawaida yake.

"Kaka Nduwayezu," Verediana akauliza, "umenyanyua magurudumu ya mbele?"

"Dada, mimi nimeanza kushika usukani wewe unacheza kombolela."

"Na leo umeushika tena. Mbona haugeuki?"

Tulicheka mpaka spana zikatudondoka. Ikapigwa jeki. Magurudumu yakiwa hewani, usukani ukabaki mgumu. Basi kosa halikuwa upepo wala matairi. Verediana akaingia chini ya gari, akaichomoa shafti inayoshuka kutoka kwenye usukani, ikawa haijashika kitu chochote huko chini.

"Zungusha sasa!"

Nduwayezu akazungusha kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka. Ugumu ule ule! Yaani siku mbili alikuwa akitibu miguu ya gari wakati linaumwa shingo.

"Yampayinka!" akashangaa kwa Kirundi, akakaa juu ya tairi.

Kiungo kinachoiwezesha shafti hiyo kupinda kilikuwa kimeganda kwa kutu. Tukafunga kipya. Tukairudisha na pampu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote ila kukutana na katibu wetu. Jumatano mchana Moses alilizungusha gari hapa uwanjani kwa kidole kimoja, mara tatu, mama ntilie wakaacha masufuria na kupiga vigelegele. Alhamisi akina mama wa Manyovu walipimwa wote.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hili linatupa tabu kulisema. Kutu ile ilitoka wapi? Moses anasema ofisi yako imeagiza magari yarudi Kasulu yakiwa safi, na kwamba wewe mwenyewe hufungua boneti kukagua. Basi kila akitoka kwenye matope anapiga maji ya presha mpaka ndani. Gari linang'aa, grisi imekwenda na maji. Kwa heshima zote, Mama, tunaomba utuachie uchafu kidogo.

Changamoto nyingine ni vyeti. Hatuna hata kimoja.

MAOMBI

Tunaomba magari yote kumi na moja yatengenezwe hapa. Tunaomba pia shirika lituunganishe na chuo cha ufundi, tupimwe kwa kazi za mikono yetu, anayestahili cheti apewe. Atakayeshindwa atafagia gereji mwaka mzima. Katibu ameomba kupimwa wa mwisho, tumekataa.

Mungu akutangulie kila kona ya barabara, aibariki kazi yako, na kila mjamzito aliyepanda gari lako afike salama. Ni sisi, Umoja wa Mafundi Dufashanye, yaani Tusaidiane, wa Kibondo.

Limebaki neno moja, ambalo wanachama wameagiza lisomwe bila kupambwa. Jumatano ile, vigelegele vikiendelea, Bwana Makarius aliingia. Akalitazama gari likizunguka, akatikisa kichwa.

"Hapa ni uwanja tambarare," akasema. "Kesho linashuka milima ya Manyovu na wauguzi ndani. Likikaza kwenye kona, dhamana yenu iko wapi? Nionyesheni."

Verediana akajifuta mikono kwa tambara, akafungua mlango wa gari.

"Dhamana ni mimi, na nitakaa kiti cha mbele," akamjibu. "Wewe chagua chako."