Mama Futi na Ngazi Arobaini na Tatu

Marehemu dada yetu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba hii hii mnayoiona nyuma yangu, kwenye ngazi ya thelathini na moja kati ya ngazi arobaini na tatu za uchochoro wetu. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili. Mama alikuwa akisimulia kwamba mkunga alikuwa bado anapanda, yuko kama ngazi ya ishirini hivi anahema, akasikia mtoto analia huko juu. Mkunga hakusubiriwa, na kwa miaka sitini na saba iliyofuata hakuna mtu wala kitu kilichosubiriwa kwa hiari. Dada alikuwa mtu wa kutotulia. Hata chai aliinywa kwa kusimama.

Alisoma shule ya msingi iliyoko chini ya ngazi, kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana hadi 1975. Ripoti yake moja bado ipo kabatini, na mwalimu wa hesabu aliandika hivi tu: "Akili anazo. Kitini hakai." Mwishowe mwalimu huyo alimpa kazi ya kugawa na kukusanya madaftari ili apate kuzunguka darasani kwa ruhusa. Nyumbani alipima kila kitu kwa shibiri: meza, dirisha, mkeka, hata kichwa cha mdogo wake anayewasomea maneno haya, ambaye hakufurahia.

Mwaka 1977 aliajiriwa manispaa kama karani wa masijala. Wakati huo taka za mji mkongwe zilikuwa mzigo wa kila nyumba peke yake. Lori haliwezi kuingia vichochoroni, kwa hiyo kila mwenye ndoo aliibeba mpaka jalala la chini, na lori lilikuja siku lilipojisikia. Asubuhi ya tarehe 2 Mei 1979, mvua imenyesha, mama yetu aliteleza na ndoo yake akavunjika nyonga. Aliishi miaka minne zaidi, na katika miaka hiyo hakuteremka tena ngazi hizi kwa miguu yake. Alikaa dirishani. Dada alikuwa na miaka ishirini na moja, na tangu siku ile alikuwa na jambo moja tu moyoni: ndoo zifuatwe mlangoni, juu mpaka ngazi ya mwisho.

Aliomba kuhamishiwa idara ya usafi. Mkuu wa masijala alimuuliza kama ana homa, maana watu huomba kutoka kwenye taka kwenda kwenye mafaili, si kinyume chake. Ilimchukua miaka kumi na miwili ya kushikilia bango mpaka wakubwa wakakubali mikokoteni myembamba ipite vichochoroni kila asubuhi. Mwaka 1991 alipewa futi ya chuma na wiki mbili za kupima mji mkongwe mzima.

Hapo ndipo alipoteleza yeye. Ili asisumbuliwe na watu, alipima vichochoro Jumapili mbili mfululizo, maduka yote yamefungwa. Alisahau kwamba milango ya huku hufunguka nje. Mikokoteni kumi na miwili ikatengenezwa, ikatoka Jumatatu kwa shangwe, na kabla ya saa tatu, tisa kati yake ilikuwa imekwama. Mmoja ulinasa kati ya mlango wa fundi cherehani na mlango wa duka la dawa, na fundi cherehani alikula chakula cha mchana kilichopitishwa dirishani. Mji ulicheka wiki nzima. Jina la Mama Futi alilipata siku ile, na hakuna aliyempa kwa mapenzi. Yeye alilipokea, akarudi na futi yake, akabisha hodi kwenye milango mia nne na kumi na miwili, mmoja mmoja, akiomba ufunguliwe mpaka mwisho apime nafasi iliyobaki.

Mikokoteni ilipelekwa kwa fundi wa kuchomelea ipunguzwe upana. Fundi alimwambia arudi baada ya mwezi. Hakurudi baada ya mwezi, kwa sababu hakuondoka. Alizunguka karakana siku baada ya siku, akiuliza, akihesabu vyuma, akigusa vitu vya moto. Fundi mwenyewe husema alimaliza kazi kwa siku kumi na moja ili tu apate kupumua. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1992. Siku ya harusi bibi harusi alisimama mara mbili njiani kufunika mapipa yaliyoachwa wazi, na gauni lile jeupe, na bwana harusi akajua ameoa nini. Walijaliwa mabinti wawili.

Vichochoro vyote vilipata mikokoteni yake kufikia mwaka 1993. Vyote, isipokuwa huu wetu. Gurudumu halipandi ngazi, na afisa wa majengo ya kale alikataa katakata mawe haya yafunikwe saruji au kupigiliwa chuma. Barua zilikwenda na kurudi mpaka Dada akastaafu mwaka 2018, ndoo za ngazini zikiwa bado zinabebwa kwa mkono. Kustaafu kulimzidishia kutotulia. Mume wake hakuwa akilala vizuri, basi akamtengenezea mkokoteni wenye magurudumu matatu madogo kila upande, ya mpira, yanayopinduka ngazi kwa ngazi bila kukwaruza jiwe. Afisa alipiga magoti, akautazama, akasaini. Upana wake ni sentimita sabini na nne.

Ukabaki mlango mmoja. Ni wa fundi saa, ngazi ya kumi na tisa, pale uchochoro unapobana kuliko pote. Mlango wake ulifunguka nje na ulikaa wazi mchana kutwa, kwa sababu fundi saa hufanya kazi kwa mwanga wa mlangoni, na manispaa hawakukubali mkokoteni usubiri mlango ufungwe kila unapopita. Kuugeuza ufunguke ndani kulimaanisha kuitoa meza yake mlangoni na kuihamishia gizani, na macho yake si ya kijana. Tuseme ukweli, alikuwa na haki yake. Dada alimwendea kwa upole, kisha kwa barua, kisha kwa hasira. Mara ya mwisho fundi saa alimwambia, "Dada yangu, mimi bila mwanga sina kazi. Taka zinaweza kusubiri."

Dada akamjibu, "Mama yangu alisubiri." Hawakusalimiana tena.

Novemba 2023 moyo wa Dada ulianza kushindwa. Daktari alimkataza kupanda ngazi, naye akauliza kama kushuka nako kunahesabika. Akakaa kwenye dirisha lile lile la mama, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Kutoka pale aliwapigia kelele watu wa manispaa mpaka wakapanga siku ya mkokoteni wa kwanza ngazini: Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, endapo mlango wa fundi saa utakuwa umeshughulikiwa. Alifariki hospitalini Jumatatu, tarehe 9 Juni, saa nane na dakika kumi mchana, mume wake akiwa kando ya kitanda. Neno lake la mwisho lilikuwa swali.

"Mlango vipi?"

"Bado," mume wake akasema, kwa sababu hajawahi kuweza kumdanganya. Dada akasonya, akafumba macho.

Jumanne, tulipopanga maziko yawe Alhamisi hiyo hiyo, manispaa walituma ujumbe kwamba kwa heshima ya msiba wataahirisha. Shangazi yetu alisema ni sawa, itakuwa aibu takataka kupita mbele ya jeneza. Mdogo wa marehemu alikubaliana naye, na leo anaona haya kulisema hilo mbele yenu. Tulikuwa bado tunabishana fundi saa alipoingia, jasho linamtoka, mtu ambaye hakuwa amefika ngazi ya thelathini na moja kwa miaka sita. Hakukaa.

"Nimegeuza mlango," alisema. "Meza nimeisogeza ndani. Nitawasha taa."

Shemeji yetu aliinuka. Alitoa futi ya chuma kwenye msumari nyuma ya mlango, akateremka. Aliporudi alisema, "Themanini na moja," kisha akalia, naye hakuwa amelia tangu hospitalini. Shangazi ndiye aliyechukua simu akawaambia manispaa waje kama walivyopanga.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, shangazi, mdogo wake mmoja, na mikokoteni kumi na miwili inayofanya kazi pamoja na mmoja unaoanza leo.

Saa nne kamili, kabla hatujambeba, mkokoteni huo utapanda kutoka chini na kupita katikati yetu. Mliokaa upande wa kulia mnaombwa kusogeza viti ukutani. Wenye milango inayofunguka nje, tafadhali ifungeni. Kila nyumba itoe ndoo yake. Ya nyumba hii tumeshaiweka mlangoni.

Dada, sasa kaa. Upumzike kwa amani.