Mashati ya Darasa la Kwanza

Fundi cherehani alikuwa amepakata furushi la sare za shule, na kwa kuwa ndani ya treni hakuna pa kukimbilia, ilibidi asikilize ubishi wa wawili waliokaa mbele yake. Mchomeaji vyuma na muuguzi mstaafu, watu wasiojuana hata kwa salamu, walikuwa wakibishania filamu waliyoiona jana kwenye televisheni, kila mtu kwake: wanadamu wameacha kuzaa, na dunia inamsubiri wa mwisho afe.

"Uongo mtupu, mama," alisema mchomeaji. "Mtu ajue hakuna anayekuja nyuma yake, halafu adamke kwenda kazini? Mimi ningelala mpaka mchana."

"Ungeamka tu, mwanangu. Njaa haiangalii filamu."

"Na redio zote zingetangaza!"

"Nani atangaze? Jambo kama hilo linaingia kimyakimya. Unashtukia tu limeshakaa."

Mchomeaji alicheka, akamgeukia fundi. "Hebu mzee wangu, tuamulie. Wewe ungejuaje?"

Fundi alikaza fundo la furushi. Oda ya mwaka huu ilianzia darasa la pili. Siku alipoipokea alidhani mwalimu mkuu amepitiwa, akampigia simu.

"Sijasahau, fundi," mwalimu alimjibu. "Hawapo."

Hata hivyo alishona mashati sita madogo ya darasa la kwanza, maana mkono ulikataa kuyaruka.

Treni ikasimama.

"Nashuka hapa," alisema fundi, akashuka na mashati yote, hata yale sita.