Castory Anakwenda Kusomea Unesi

Pale Kasulu, barabara ya Kabanga inapoanzia, kuna benchi mbele ya banda la cherehani. Wenye nalo wanaliita Bungeni, maana hoja haziishi na hakuna anayejibiwa. Siku hiyo, Oktoba 2013, mvua ilikuwa imetoka kukatika, tope jekundu limeganda kwenye matairi ya pikipiki ya Castory, na Castory mwenyewe kashika kikombe cha kahawa mpaka kimepoa. Jamaa amechaguliwa chuo, diploma ya uuguzi, miaka mitatu. Basi la kumpeleka chuoni linaondoka kesho alfajiri. Jioni hiyo hiyo bosi wake, mwenye pikipiki, anakuja kusikia jibu: anarudisha pikipiki, au anaendelea kupiga boda? Sasa mwana akafanya kosa moja. Akawauliza wadau wa Bungeni huko chuoni kukoje.

Wa kwanza kudaka alikuwa Ildefonsi, fundi cherehani, anayeitwa Profesa. Shule alitoroka mapema, ila hajawahi kukosa jibu.

Profesa: Sikiliza, mwanangu. Mwaka wa kwanza sindano huigusi. Ni mifupa tu. Kila mfupa una jina la Kilatini. Unakariri mpaka ukirudi likizo unamwita baba yako kwa jina la goti.

Leonidasi, anayechaji simu za watu, wanayemwita Redio, akacheka.

Redio: Hiyo cha mtoto! Mwambie mambo yenyewe.

Castory: Binamu yangu Loyce yuko mwaka wa pili, nimeongea naye. Anasema walianza na kutandika kitanda.

Redio: Kitanda! Oya, mnasikia? Miaka mitatu jamaa anakwenda kusomea shuka!

Castory: Mgonjwa akiwa juu yake, kaka. Hajiwezi, na usimwangushe, na usimuumize.

Kicheko kikapungua. Adija, muuza kahawa, akaacha kupepea jiko.

Adija: Hapo nimeelewa. Bibi yetu alivyoumwa, shuka lake tulikuwa tunalibadilisha watu wanne, na bado analia.

Profesa: Hayo ya mchana. Usiku mnapelekwa mochwari. Kila mwanafunzi anakabidhiwa maiti wake, amlinde mpaka kuche. Ukikimbia, umefeli.

Redio: Na kabla ya hapo wanawachoma magonjwa yote, kidogo kidogo, mwili uzoee. Malaria, kichocho, kifua kikuu. Nyie mmewahi kuona nesi anapiga chafya?

Adija: Mimi nimeona.

Redio: Huyo alidesa mtihani.

Castory alicheka nao. Mochwari haikumtisha, hata hizo sindano za Redio hazikumtisha. Alikuwa na lake.

Profesa: Na leba je? Dume zima?

Castory: Wote wanapita leba. Loyce kasema hakuna cha dume wala jike.

Redio: Haya, na mama mkwe? Si una mchumba kule Muyama, Herieth? Mama yake mkikutana njiani unachepuka kwenye migomba, macho hampeani. Siku akilazwa wodi yako utamwogesha ukiwa umejificha kwenye migomba?

Bungeni palilipuka. Castory akainamia kikombe. Ni hilo hasa lililomnyima usingizi tangu jina lake litoke. Yeye na mama yake Herieth hata mkono hawajapeana, na kimila isingewezekana. Sasa mkono huu huu ukamwogeshe mama wa mtu?

Ndipo akatokea mama mmoja asiyejulikana pale, kitenge kimelowa, anachechemea. Mguu wake umefungwa bandeji, na bandeji imejaa tope.

— Mwidiwe, akasalimia.

Wakaitikia, Adija akamsogezea nafasi kwenye benchi.

Mama: Mimi ni Pelagia, natoka Gwarama. Jembe lilinikata, wakanifunga zahanati. Sasa mvua imenikuta njiani, bandeji yote maji. Naomba kuuliza, wanangu. Niifungue, au niiache?

Profesa: Paka mawese, mama. Mawese hayashindwi.

Redio: Mawese gani! Kidonda ni unga wa kahawa, unakausha kinoma. Adija, lete machicha hapo.

Profesa: Kahawa inafuata baada ya mawese.

Redio: Kabla!

Pelagia: Cha kupaka sijauliza. Nimeuliza niifungue, au niiache?

Profesa akaanza kutafuta uzi ambao haujapotea. Redio akaweka sikioni simu ya mteja, imezimika. Halafu wote, na Adija, wakamgeukia Castory, kama vile yeye chuo ameshamaliza.

Castory: Sijui, mama.

Shuleni neno hilo alilisema kila wiki, halikumuuma hata siku moja. Leo lilimchoma. Akachuchumaa, akautazama ule mguu karibu. Umevimba juu ya bandeji, vidole vimepauka kwa baridi.

Castory: Panda, mama. Twende hospitali Kabanga, huko wanajua.

Redio: We, bosi wako yuko njiani anakuja. Tumwambie nini?

Castory akainama. Aliushika ule mguu kwa mikono miwili, taratibu, akauweka mahali pake kwenye pikipiki. Mama Pelagia akajishikiza begani kwake.

Castory: Mwambieni nikitoka Kabanga nampelekea ufunguo wake.

Profesa: Yaani umeamua?

Castory: Bandeji ikifunguliwa nasimama pale pale. Nataka nione nesi anaanzia wapi.

Akawasha. Castory huyu ambaye kuku wa Kasulu wanamkimbia kabla hajaonekana, leo alikuwa anakwepa dimbwi moja moja, miguu yake ikiburuza tope. Nyuma yake akamsikia Redio.

— Mbona anaendesha hivyo? Pikipiki imekufa?

Na sauti ya Adija, anasuuza vikombe:

— Muache. Huyo chuo ameshaanza.